Springi ya Gari Jingine: Kutoka Kilindini hadi Uani Nairobi

Barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa karibu kilomita 480, huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi mwinuko unaokaribia mita 1,700, na katika safari hiyo moja hupitisha malori yaliyobeba vipuri vilivyotumika, ambavyo vimeshushwa katika bandari ya Kilindini na ambavyo vitauzwa tena kama spea za mtumba. Msafiri anayetaka kuelewa namna gari la zamani linavyoendelea kuishi kwa viungo vya magari mengine hana njia bora kuliko hii, kwa sababu kila kituo chake, kuanzia chumvi ya pwani, kupitia mizani za malori, hadi kwenye vibanda vya wauza spea, kinamfundisha jambo moja kuhusu suspensheni. Kwa neno hilo kunakusudiwa jumla ya springi, shokomzoba, mikono ya chuma, bushi za mpira na viungo vingine vinavyoshikanisha magurudumu na bodi, huku vikiyaacha magurudumu yapande na kushuka bila bodi kulazimika kuyafuata katika kila shimo.

Magari ya zamani yanayopewa viungo hivyo hayakubaki Kenya kwa bahati tu. Kanuni za Shirika la Viwango la Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa hiyo mtu anayependa gari la miaka ya 1960 au 1970 hutegemea zaidi yale ambayo tayari yamo nchini, mengi yakiwa yamekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, yakisubiri kipande ambacho kiwanda kilishaacha kukitengeneza. Kati ya magari hayo, hakuna linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko Peugeot 504, ambalo watu wengi huliita Pijo bila kutaja namba yake. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya mwaka 1969, likaunganishwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na katika miaka ya 1980 Pijo za viti saba zilikuwa zikibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya mbali.

Mbele, gari hilo lina nguzo za aina iliyopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Kila nguzo huunganisha springi na shokomzoba kuwa kitu kimoja, kichwa chake kikiwa kimefungwa kwenye bodi na mguu wake ukiwa umeshika kitovu cha gurudumu. Nyuma, kulingana na toleo, lina ama mikono miwili inayojitegemea, ama ekseli nzima inayounganisha magurudumu yote mawili, na Pijo za familia zenye viti saba zilipewa springi mbili kwa kila upande badala ya moja. Tofauti hizi za nyuma si jambo dogo, kwa kuwa anayenunua springi ya nyuma ya Pijo bila kujua imetoka toleo gani amenunua chuma tu.

Safari ya kipande chenyewe huanza mbali na Kilindini. Nchini Japani, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, kwa gharama ambayo huwashawishi wenye magari wengi kuyaacha mapema. Magari hayo huuzwa nje yakiwa mazima, au hukatwa na kusafirishwa kwa vipande. Mji wa Sharjah katika Falme za Kiarabu nao una mitaa ya viwanda iliyojaa wauzaji wa spea zilizotumika, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ni wanunuzi wa siku nyingi katika mitaa hiyo. Kwa hiyo springi inayofika pwani ya Kenya ni nadra kuwa ya Pijo. Mara nyingi ni ya gari la Kijapani lenye uzito unaokaribiana na wa Pijo, na hapo ndipo swali la kurekebisha linapozaliwa.

Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi ndiyo adui ambaye mnunuzi anapaswa kumtafuta kwanza, kabla hata ya kupima urefu. Kutu iliyosambaa juu juu kwenye springi haitishi sana, maana inaweza kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kinachotisha ni vishimo vidogo vinavyobaki baada ya kusugua, kwa sababu waya wa springi hujipinda na kujikunjua mara nyingi mno katika maisha yake, na kila kishimo huwa mahali ambapo mkazo hukusanyika na ufa huanza. Springi ya namna hiyo inaweza kukaa mwaka mzima ikionekana nzima, kisha ikakatika asubuhi moja gari likiwa limesimama. Mnunuzi mwenye subira hupitisha ukucha wake juu ya waya wote, na akikuta ukucha unanasa, huirudisha springi mahali pake hata kama bei imeshapunguzwa.

Kuna aina nyingine ya uharibifu isiyoonekana kwa jicho wala kuhisiwa kwa ukucha, nayo ni joto. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kwa kupashwa moto hadi karibu nyuzi 850 za Selsiasi, kupozwa ghafla katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi kidogo, aghalabu kati ya nyuzi 400 na 500, ili kipunguze wepesi wa kuvunjika na kipate unyumbufu. Yeyote aliyekata springi kwa mwali wa gesi, au aliyeipasha hadi ikawa nyekundu ili gari lishuke, amefuta kazi hiyo yote katika sehemu iliyoguswa na moto. Rangi ya samawati au ya kahawia inayong'aa karibu na mahali palipokatwa ndiyo alama ya kosa hilo, na kipande chenye alama hiyo hakifai kurejeshwa barabarani kwa matengenezo yoyote ya uani.

Msafiri akishapita Mariakani na kuingia katika nyika ya Taru, kisha Voi na Mtito Andei, anakuwa katika nchi iliyoyajengea magari haya jina. Mashindano ya magari yaitwayo Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo nyingi zilikuwa za vumbi na, mvua iliponyesha, za tope. Volkswagen Beetle, yenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Nayo 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Ushindi unaohusiana zaidi na mada hii, hata hivyo, ni ule wa mwaka 1965, ambapo ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Gari lililokwisha kupigwa na barabara zile lilinunuliwa, likakaguliwa kiungo kwa kiungo, likarudishwa kuzishinda.

Beetle inastahili kuangaliwa kidogo zaidi, kwa sababu suspensheni yake ya nyuma inaonyesha jinsi wahandisi wanavyoweza kumwachia fundi wa nyumbani njia ya kurekebisha bila kukata wala kuchomelea. Gari hilo halina springi iliyosokotwa. Kila gurudumu la nyuma hubebwa na fimbo ya chuma iliyolazwa kukingama gari, upande mmoja ikiwa imeshikwa katikati ya sakafu na upande mwingine ikiwa imeingia katika bamba linaloshika ekseli, na gurudumu linapopanda, fimbo hiyo husokoteka. Ncha ya ndani ya fimbo ina meno 40, na ncha ya nje ina meno 44. Kusogeza ncha ya ndani kwa jino moja hugeuza fimbo kwa nyuzi 9 kamili, na kusogeza bamba kwenye ncha ya nje kwa jino moja hugeuza kwa nyuzi 8 na dakika 10 hivi. Kwa hiyo fundi akienda jino moja mbele ndani, na jino moja nyuma nje, anabaki na tofauti ya karibu dakika 50, ambayo haifiki hata nyuzi moja. Kwa bamba lenye urefu wa milimita 400, tofauti hiyo ni chini kidogo ya milimita 6 kwenye gurudumu. Ni hesabu ndogo yenye uzuri wa kweli, na inampa mwenye gari uwezo wa kupanga kimo cha gari lake kwa spana, kwa chaki na kwa subira.

Fimbo hizo hizo zina onyo ambalo wauzaji wa spea hawalitaji. Katika kiwanda, kila fimbo husokotwa kupita kiasi upande mmoja ili chuma kijiandae kwa mzigo wa upande huo, na ndiyo maana kwenye ncha yake hupigwa alama ya kushoto au ya kulia. Anayenunua fimbo mbili zilizotolewa kwenye gari lililokufa anapaswa kuhakikisha kwamba moja ni ya kushoto na nyingine ya kulia, kwa kuwa fimbo iliyofungwa upande usio wake husokotwa kinyume cha maandalizi yake, ikachoka mapema na kulegea au kukatika.

Mji wa Mlolongo, ulio karibu kabisa na Nairobi, ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa kwenye mizani ya barabarani, na jina hilo linamkumbusha msafiri jambo ambalo wengi wanaobadilisha springi hulisahau, yaani kujua uzito kabla ya kuchagua nguvu. Springi haina ubora wa peke yake. Ni nzuri au mbaya kwa mzigo fulani. Hatua ya kwanza, basi, ni kulipeleka gari kwenye mizani ya biashara inayopima ekseli moja moja, likiwa na mafuta nusu tangi na tairi la akiba mahali pake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, gari la kilo 1,200 linaonyesha kilo 660 kwenye ekseli ya mbele. Kila gurudumu la mbele linabeba kilo 330, na ukiondoa kama kilo 30 za gurudumu lenyewe, breki na kitovu, ambavyo haviko juu ya springi, springi moja inabaki na mzigo wa kilo 300, sawa na karibu niutoni 2,940.

Kwa mzigo huo mkononi, msafiri anaweza kuingia Nairobi na kufika Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan na ambayo watu wengi bado huiita hivyo, akakaa mbele ya rundo la springi bila kutegemea maneno ya muuzaji. Anahitaji vifaa vitatu tu: vernia ya kupimia unene wa waya, utepe wa kupimia kipenyo na urefu, na springi yake ya zamani ya kulinganishia, hata ikiwa imevunjika. Ugumu wa springi iliyosokotwa, yaani nguvu inayohitajika kuibana kwa milimita moja, hutegemea mambo manne: aina ya chuma, ambayo kwa springi za magari haitofautiani sana, unene wa waya, kipenyo cha mzunguko, na idadi ya mizunguko iliyo huru kufanya kazi. Mambo haya hayana uzito sawa. Kipenyo cha mzunguko kikiongezeka, ugumu hupungua kwa kipeo cha tatu. Waya ukiongezeka unene, ugumu hupanda kwa kipeo cha nne, na ndiyo sababu jicho haliwezi kuaminiwa.

Mfano wa springi ya asili ya waya wa milimita 13, yenye kipenyo cha milimita 130 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya na mizunguko 7 inayofanya kazi, unatoa ugumu wa karibu niutoni 18.3 kwa kila milimita. Ikiwa pembeni yake kuna nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu ila waya wake una milimita 14, tofauti ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuiona, ugumu wake ni karibu niutoni 24.7, yaani zaidi kwa kama asilimia 35. Chini ya mzigo wa niutoni 2,940, ya kwanza itabonyea milimita 160, na ya pili milimita 119 tu. Kwa hiyo gari lililofungwa springi ya pili, hata kama zote mbili zina urefu sawa zikiwa mezani, litakaa juu zaidi kwa takriban milimita 41.

Hapa ndipo ushauri mbaya husikika, na husikika kwa nia njema: "Kata mzunguko mmoja, litashuka." Ni kweli litashuka. Lakini springi yenye mizunguko 6 badala ya 7 si ile ile iliyofupishwa. Kila mzunguko hubonyea kiasi kile kile kwa mzigo ule ule, lakini sasa mizunguko ya kubonyea ni michache, na ugumu unapanda kutoka 24.7 hadi karibu 28.8. Mzunguko uliokatwa nao unapunguza urefu kwa kama milimita 57, ikiwa springi ilikuwa na urefu wa milimita 400 hivi, na hivyo gari linarudi karibu kabisa kwenye kimo chake cha asili, likionekana limepona. Mwenye gari anaangalia nafasi kati ya tairi na bawa, anaridhika, na hajui kwamba amefunga springi iliyo ngumu kwa asilimia 57 kuliko ile ambayo kiwanda kiliichagua. Mitikisiko ya bodi, ambayo kwa springi ya asili ilikuwa kama mara 1.24 kwa sekunde, sasa inakaribia mara 1.56, na shokomzoba iliyopangwa kwa mwendo wa kwanza haina nguvu ya kutuliza mwendo wa pili. Kimo cha gari ni ushahidi dhaifu kuliko vyote, na inasikitisha kwamba ndicho kinachoaminiwa kuliko vyote.

Mtu asiyependa hesabu ana njia nyingine, ambayo inaweza kufanywa uani baada ya kufunga na ambayo haihitaji kifaa chochote cha maabara. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko miwili ikiwekwa sakafuni mwa buti, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, huongeza karibu niutoni 490 kwa kila gurudumu la nyuma. Umbali ambao bawa linashuka ukipimwa kwa rula, baada ya gari kusukumwa mbele na nyuma kidogo ili tairi zijilegeze, unatoa ugumu halisi mahali gurudumu lilipo. Bawa likishuka milimita 25, ugumu ni karibu niutoni 19.6 kwa milimita, ukiacha kosa dogo linalotokana na kubonyea kwa tairi. Kipimo cha namna hii kina thamani kuliko maneno ya mtu yeyote, kwa kuwa kinahusisha bushi, pembe za mikono na kila kitu kingine ambacho fomula ilikiacha nje.

Uani penyewe, kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, kuna jambo ambalo halina mjadala. Springi ya waya wa milimita 13 ya mfano ule wa hesabu, ikiwa imebanwa milimita 160, inahifadhi nishati ya karibu juli 235, sawa na ya jiwe la kilo 10 lililoanguka kutoka urefu wa mita 2.4, na nishati hiyo ikiachiwa ghafla haina mahali pa kwenda isipokuwa usoni au kifuani mwa aliyeinama mbele yake. Nati ya juu ya nguzo ya MacPherson haiguswi mpaka springi ibanwe kwa vibanio viwili vilivyo sawa, vilivyowekwa pande mbili zinazokabiliana na kukazwa kwa zamu. Gari nalo halikai juu ya jeki. Hukaa juu ya stendi za chuma, juu ya ardhi ngumu. Matofali ya udongo hupasuka bila kutoa taarifa.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote, na ambayo ndiyo kiini cha ufundi huu, si kufanya matundu yalingane. Tundu linaweza kukerezewa bushi ya kati, yaani pete ya chuma inayojaza nafasi kati ya bolti nyembamba na tundu pana, na mkerezaji yeyote mwenye mashine nzuri anaweza kuitengeneza kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Kinachopaswa kulingana ni mwendo. Kila mkono wa suspensheni huzunguka nukta yake, na kila nukta iliwekwa na waliolichora gari kwa kuzifikiria nyingine zote. Mkono wa gari jingine unapoingizwa, nukta moja huhama milimita 10 au 20, na gurudumu linaanza kupita njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Mfano ulio hatari zaidi unahusu usukani. Fimbo ya usukani, ambayo mafundi huiita tairodi, huvuta mkono mfupi uliofungwa kwenye kitovu cha gurudumu. Gurudumu linapopanda, kitovu hufuata upinde unaoamuliwa na mkono wa chini na nguzo, na ncha ya tairodi hufuata upinde wake yenyewe. Pinde hizo mbili zikilingana, gurudumu hupanda likiwa limeelekea mbele, lakini kitovu cha gari jingine kikiwa na mkono wake wa usukani chini zaidi au juu zaidi kuliko ule wa asili, pinde hazilingani tena, na gurudumu hujigeuza lenyewe kila linapokutana na tuta, mikono ya dereva ikiwa imetulia. Kwenye lami laini dereva hahisi chochote. Kwenye barabara yenye matuta, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huanza kutangatanga, na lawama huangukia tairi.

Kipimo cha kosa hili kinawezekana kabisa nyumbani, na ni cha lazima kwa kila anayefunga kitovu au nguzo ya gari jingine. Springi huondolewa, bodi huwekwa juu ya stendi kwa kimo chake cha kawaida, usukani hufungwa usigeuke, na ubao ulionyooka hufungwa bapa kwenye kitovu badala ya gurudumu. Jeki ndogo hupandisha kitovu milimita 10 kila mara, kuanzia kinaponing'inia hadi kinapogusa mpira wa kizuizi, na katika kila hatua hupimwa umbali kutoka ncha mbili za ubao, ya mbele na ya nyuma, hadi kwenye uzi uliovutwa sambamba na gari. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikibadilika kwa milimita moja au mbili katika safari yote ya gurudumu, kazi ni nzuri; ikibadilika kwa milimita 10, kipande hicho hakifai mpaka ncha ya tairodi ipandishwe au ishushwe. Kazi hii huchukua saa nzima kwa kila upande. Hakuna saa iliyotumiwa vizuri zaidi.

Viungo vya mviringo, vinavyojulikana kama bolijointi, vina mtego wao. Shina la kiungo hicho halishikwi na nati, bali na umbo lake la koni linalojikaza ndani ya tundu lenye koni kama hiyo. Nati hulivuta tu mahali pake. Watengenezaji hutumia miteremko tofauti ya koni, na shina la gari moja linaweza kuingia katika tundu la gari jingine, likakazwa, likaonekana limeshika, huku likigusa kwenye ukingo mmoja mwembamba tu. Njia ya kulitambua ni rahisi: shina hupakwa rangi nyembamba ya mafuta, huingizwa, huzungushwa kidogo na kutolewa; rangi ikiwa imefutika kwenye sehemu kubwa ya koni, miteremko inalingana, na ikifutika kwenye pete moja ya juu au ya chini, tundu linahitaji kukerezwa upya kwa kifaa cha koni sahihi, au kipande kiachwe. Kuchomelea shina, kitovu au mkono uliotengenezwa kwa chuma cha kufuliwa ni jambo ambalo makala haya hayawezi kulipendekeza kwa hali yoyote, kwa sababu joto la kulehemu huacha pembeni mwa mshono ukanda mgumu unaovunjika kwa urahisi, na ukanda huo huwa ndani, chini ya rangi mpya.

Bushi za mpira hufanya kazi kwa kusokoteka, si kwa kuteleza, na kwa hiyo bolti zake hazikazwi kabisa gari likiwa limening'inia; hukazwa magurudumu yakiwa chini na gari likiwa na uzito wake, ili mpira uwe katikati ya mwendo wake na si mwishoni. Bolti zenyewe ziwe na alama ya nguvu kichwani, 8.8 au 10.9, na nati za kujikaza zisirudiwe.

Mwisho wa safari ni barabara ya kwenda Magadi, inayotoka pembezoni mwa Nairobi na kushuka hadi kwenye ziwa la magadi lililo chini ya bonde kwa zaidi ya kilomita 100, ikiwa na kona, miteremko na sehemu zilizochakaa ambazo huijaribu suspensheni kwa uaminifu. Mwenye gari huondoka asubuhi, peke yake, kwa mwendo wa taratibu, akisimama baada ya kilomita chache za kwanza kuweka kiganja karibu na kila shokomzoba, ambazo zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana, na kutazama kama kuna tairi linalogusa bawa. Akirudi jioni, kila nati hukaguliwa tena kwa spana ya kupimia mkazo, na gari huegeshwa mahali pale pale lilipokuwa, kando ya ukuta wenye mistari minne ya chaki iliyochorwa siku moja kabla, mmoja kwa kila bawa. Springi iliyokaa miaka mingi kwenye gari jingine, na miezi mingi kwenye kontena, hujilaza tena kidogo inapopewa mzigo mpya. Mistari mipya huchorwa chini ya ile ya jana, tarehe huandikwa pembeni, na kipimo hurudiwa baada ya juma moja.